Kifungu cha Tatu: Tafsiri

Mimi ndiye niliyepiga chapa sheria ile,
Sheria Ndogo za Taka Ngumu, kurasa kumi na tisa,
chumba cha nyuma, feni imekufa,
mwanasheria wa Jiji akisoma, nami nikimfuata kwa vidole:
*Taka maana yake ni kitu chochote
ambacho mwenye nyumba hakihitaji tena.*
Nukta, akasema. Nikapiga nukta.
Wala sikumkumbuka mama.

Ilifika Ngamiani kwa kipaza sauti juu ya bajaji:
mfuko wa kijani, vinavyooza,
wa bluu, vinavyorejelezwa,
mweusi, mengineyo.
Elfu tatu kila kaya kila mwezi,
na mkaidi, faini elfu hamsini.
Mama akatoka na upawa mkononi:
"Na asiye na taka, analipia nini?"
Kipaza sauti hakina masikio. Bajaji ikapita.

Kwa Bi Mwanamvua kopo la maziwa ni kibaba cha mchele,
chicha la kuku, maganda ya muhogo ya mbuzi wa kina Shemdoe.
Kanga ikichoka huwa mbeleko,
mbeleko ikichoka huwa tambara la kuepulia chungu,
tambara likichoka husokotwa utambi,
na utambi ukiisha,
nani amewahi kudai majivu ya utambi?

Akaja Bwana Semkiwa, afisa afya,
baiskeli akaiegemeza ukutani, kitabu cha stakabadhi kwapani.
"Ingia, mwanangu. Ukiiona, ichukue."
Akachungulia uvunguni. Akagusa redio bubu.
"Hii?"
"Ya marehemu. Ndani nahifadhi sindano."
Akainua sufuria, jua likapenya matundu sita.
"Na hii?"
"Namwagilia mchicha."
"Basi mifuko ya Jiji iko wapi?"
Akaonyeshwa banda la kuku:
kijani, bluu, nyeusi, imeshonwa kwa uzi wa mkonge,
na mvua ya juzi haikupita hata tone.

Aliandika muda mrefu. Akachana karatasi, akampa.
Mama akaikunja mara nne,
akaitia chini ya mguu wa meza ule mfupi.

Alhamisi, ofisi ya kata.
Nilisimama nyuma kabisa,
kitambulisho cha kazi nimekigeuza uso ndani.
Mwenyekiti akavaa miwani, akayasoma maneno yangu,
*kitu chochote ambacho mwenye nyumba hakihitaji tena.*
"Hapo hapo," mama akasema. "Rudia."
Akarudia.
"Mimi nakihitaji."
Watu walicheka mpaka mbwa wa nje akabweka.
Mwenyekiti hakucheka. Alitafuta ukurasa mwingine,
akalamba kidole, akatafuta,
kesi ikasogezwa hadi mwezi ujao.

Jioni akaja kwangu Chumbageni kumwona mjukuu.
Jikoni akafunua pipa.
Nepi, moja juu ya nyingine, nzito kama mawe ya mizani,
vifuko vya shampuu, vijiko vya plastiki vya keki ya juzi.
Akainua moja kwa ncha ya kidole,
akaigeuza, akaigeuza tena.
Nilimwona akiitafutia kazi.
Mara ya kwanza maishani mwangu namwona anashindwa na kitu.
"Hii hata kuku hawaitaki," akasema taratibu.
Akafunika. Akanawa mikono mara mbili.
"Kumbe taka zipo. Na zimezaliwa tumboni mwangu."
Sijui kama alimsema mtoto, au mimi.

Asubuhi mwanasheria aliingia na kalamu nyekundu.
Kifungu cha tatu kina tundu, akasema, tuzibe.
*Futa: ambacho mwenye nyumba hakihitaji tena.
Weka: ambacho Afisa ataona kuwa hakihitajiki.*
Nikaiona meza yenye mguu mfupi,
nikaiona redio bubu na sindano zake.
Vidole vilikuwa vinaijua njia, vikatangulia.
Nukta tu
ndiyo iliyonichukua muda.